Haitiki Akiitwa

Ukiwa na mtoto aliyechelewa kusema, Handeni nzima inageuka kuwa madaktari. Muuza mchicha ana dawa. Kijana wa bodaboda ana dawa. Mteja amekuja nimpunguzie gauni kiunoni, mimi nina pini mdomoni siwezi hata kumjibu, naye ananitangazia, "Huyo ana udata, mpeleke akakatwe chini ya ulimi." Nikishatoa pini namwambia ulimi wa mwanangu nimeufunua nikaukagua mpaka yeye mwenyewe amenichoka, hauna udata wala nini. "Basi kuna mkono wa mtu," anasema, na ananyoosha mikono nimpime kifua.

Binti yangu alikuwa na miaka minne, anaikaribia mitano. Bubu hakuwa. Alisema maji, alisema sitaki, alisema njoo uone, na akichukizwa alisema maneno aliyoyaokota kwa mafundi wenzangu pale barazani ambayo siwezi kuyarudia. Lakini alisema kwa kipimo, kama sukari ya mwisho wa mwezi, na mbele ya mgeni alifunga mdomo kabisa. Watoto wa rika lake walikuwa wanasimulia ndoto zao, wanasingizia wenzao, wanadanganya mchana kweupe. Mimi nilitamani wangu anidanganye hata siku moja.

Jina lake alilichagua baba yake. Alimpa jina la mama yake mzazi, yaani mama mkwe wangu, anayeishi Korogwe. Ni heshima, na nilishukuru. Ila heshima hiyo ilinipa kibarua, maana kwao Usambaa na kwetu Uziguani ni mamoja: mke halitamki jina la mkwe wake. Nilimwita mtoto mama. Baba yake, ambaye naye hawezi kulipayuka jina la mzazi wake uani, alimwita bimkubwa. Mke wa shemeji alimwita mkwe wangu, huku anacheka. Watoto wa jirani walisikia hayo wakaamua kumwita bibi. Mama mkwe mwenyewe alimwita somo, kama wanavyoitana watu wa jina moja. Hapakuwa na aliyeona ajabu, nyumba ngapi zinaishi hivyo.

Mkasa ulianza nilipokwenda kumwandikisha darasa la awali. Mwalimu alikuwa mama wa makamo, sauti kali, chaki mpaka kwenye nyusi. Mtoto alichuchumaa mlangoni anapanga vifuniko vya soda. Mwalimu akasoma jina kwenye kadi ya kliniki, akamwita. Kimya. Akapaza sauti, akamwita tena. Mtoto akapanga kifuniko kingine. Mwalimu akanitazama kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyonichefua.

"Mama, huyu hasikii. Hapa hatuna mwalimu wa viziwi. Niletee barua ya daktari kabla shule hazijafunguliwa. Bila barua simwandiki."

"Mwalimu, mwanangu anasikia. Pikipiki ya baba yake anaisikia ikiwa bado kule sokoni."

"Kila mzazi husema hivyo," akanijibu, na akamwita aliyekuwa nyuma yangu.

Jioni mume wangu akapiga simu kwao. Kosa! Kwa wakwe zangu habari haikai kwa mtu mmoja. Kabla ugali haujaiva shemeji mkubwa alishapiga kutoka Korogwe: anaijua shule ya bweni ya viziwi, iko mbali lakini ni nzuri, wanapokea hata wadogo, mtoto atafundishwa lugha ya alama na atarudi likizo. Alisema kwa sauti ya mtu anayekutafutia kiwanja cha bei nafuu. Mtoto wa miaka minne! Nguo zake bado namvalisha mimi, usiku bado analala ameshika sikio langu. Niliutupa mwiko ukagonga mlango. Mume wangu akaniambia nitulie, tutampeleka kwanza kwa daktari wa masikio Korogwe, na daktari akithibitisha, basi tutazungumza na kaka. Nikamwambia wewe na kaka yako mzungumze, mimi mtoto sitoi. Lakini moyoni niliogopa. Kwao yakishazungumzwa huwa yamekwisha.

Mama mkwe, yeye, hakuamini habari za uziwi. Alikuwa na mshitakiwa wake, naye ni Kizigua.

"Mnamchanganya mtoto," alinituhumu kwenye simu. "Kiswahili cha majirani, Kishambaa cha baba yake, halafu wewe unamwongezea Kizigua. Kichwa kile kidogo utatia maneno mangapi? Kimejaa, kimeziba."

Kishambaa hakikuziba. Kiswahili hakikuziba. Kilichoziba ni cha kwetu. Nilibana meno nikasema ndiyo mama. Mume wangu naye, mtu mzima na ndevu zake, akatoa amri: kuanzia leo nyumba hii ni Kiswahili tu. Na yeye amekulia pembeni ya mashamba ya mkonge, ambako majirani babu zao walitoka kila pembe ya nchi kufuata kazi, na watoto walicheza mpira kwa lugha nne, wakitukanana kwa zote. Nilimuuliza wangapi kati yao waliziba. Akasema, "Zamani ni zamani." Sasa mtu kama huyo utamjibu nini?

Amri hiyo haikumuumiza mtoto, ilimuumiza mama yangu. Alikuja kutoka Mazingara na kiroba cha kunde na kuku amefungwa miguu, amekuja kumwona mjukuu wake. Nikamweleza mlangoni, kwa aibu, kwamba mtoto asisemeshwe Kizigua. Mama yangu Kiswahili anakijua. Anacho cha sokoni, anacho cha zahanati na cha mikutano ya kijiji. Cha kubembelezea mtoto hana, hakuwahi kukihitaji. Kila mtoto aliyepita mikononi mwake amemwogesha kwa nyimbo zake za Kizigua, na mimi ndimo nilimoanzia kusema. Siku ile alimwogesha mwanangu kimya kama anaosha sufuria. Mtoto akawa anamtazama mdomoni, anasubiri. Asubuhi mama akasema amekumbuka mbuzi wake hawana mtu wa kuwachunga, akaondoka. Mbuzi wenyewe alishauza.

Nililia kwa hasira siku hiyo, nikashona mikono ya shati la watu kinyumenyume, nikaifumua, nikalia tena. Nilimwambia mume wangu, "Umemnyamazisha mama yangu, na mtoto hajaongeza hata neno moja." Akasema tumpe muda.

Tukaenda Korogwe mimi na mtoto, tukalala kwa mama mkwe. Asubuhi nikamkuta ameshaoga, kanga mpya, mkoba kwapani. "Mimi nitamweleza daktari mwenyewe," alisema. Nilijua atakachoeleza. Njia nzima nilitembea mbele yao, mtoto mgongoni kwa bibi yake, nisije nikasema la kusema.

Daktari alikuwa kijana, lafudhi ya Dar es Salaam, viatu vyeupe kwenye vumbi lile la Korogwe. Akamwamkia mama mkwe shikamoo, na kabla hajamaliza kuitikiwa akaambiwa mgonjwa amezibwa na Kizigua. Kijana hakucheka, nampa sifa hiyo. "Bibi, lugha haizibi kichwa," alisema. "Mtoto anaweza kukua na mbili au tatu. Atachanganya maneno kidogo, halafu atazipanga mwenyewe. Hata mimi ningelelewa hapa ningezijua zote." Mama mkwe akavuta mdomo. Mimi nilitaka kusimama nimpigie vigelegele, lakini nikatazama sakafu, mkwe mwema.

Akampima. Alitikisa funguo nyuma ya kichwa cha mtoto, mtoto akageuka. Alinong'ona "pipi" akiwa kwenye kona ya chumba, mtoto akageuka na mkono ameshaunyoosha. Akamwambia, "Chukua kile kikombe, mpe bibi," akachukua, akampa. Daktari akaandika. Mimi pumzi zikaanza kurudi. Halafu akatazama kadi, akamwita jina.

Mtoto alikuwa anang'oa uzi kwenye mkeka. Akaendelea kung'oa.

Akamwita tena, kwa upole. Akamwita kwa nguvu. Akaweka kalamu chini, na uso wake ukabadilika. "Hapa ndipo panaponitia wasiwasi," alisema. "Masikio ni mazima. Lakini mtoto wa umri huu kutoitika jina lake ni jambo jingine. Kuna watoto wanasikia kila kitu ila watu hawawahusu. Ikiwa ni hivyo itabidi apelekwe mbali zaidi, kwa wataalamu, na shule ya kawaida tusahau kwanza."

Yaani nimetoka Handeni nikikimbia bweni moja, ninaonyeshwa jingine.

"Labda ananikataa mimi mgeni," daktari akasema. "Hebu mwite wewe mama yake."

"Mama!" nikaita. Mtoto akageuka papo hapo, akanitazama, akarudi kwenye uzi wake.

"Hapana, sikukwambia useme mama. Mwite jina."

"Ndivyo ninavyomwita."

"Jina lake, mama. Hili hapa kwenye kadi."

Nilimtazama mama mkwe. Yeye alitazama ukutani, kwenye picha ya sikio lililokatwa katikati, kama vile ndilo lililomleta. Daktari akatutazama kwa zamu. Nikajaribu kumweleza kwamba hilo jina mimi siwezi, kwamba ni la mkubwa wangu, lakini hata kueleza kwenyewe na mwenye jina amekaa ubavuni pako ni utovu wa adabu. Nikaishia njiani. Kijana akashusha sauti, akaniuliza kwa adabu zote:

"Samahani. Huyu mtoto ni wako kweli?"

Jamani! Nimembeba, nimemzaa kwa uchungu wa siku nzima, nimetukanwa kwa ajili yake, nimemfukuza mama yangu kwa ajili yake, leo naulizwa kama ni wangu? Hasira ilinipanda toka kwenye unyayo. Nilisimama, nikafungua mdomo, nikaliita lile jina, zima, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto. Sikuwa nimewahi kulitamka tangu niolewe.

Mtoto hakugeuka.

"Abee!" akaitika mama mkwe.

Aliitika kwa sauti nyembamba, si ile yake ya siku zote, na alikuwa ameshanyanyuka nusu kutoka kwenye benchi, mkono mmoja unashika upindo wa kanga, kama msichana aliyeitwa aache anachofanya aje upesi. Halafu akajitambua. Akakaa taratibu. Akapeleka pindo la kanga mdomoni na kuliacha hapo.

Daktari alimtazama yeye, akamtazama mtoto, akaitazama kadi. "Bibi, kumbe hili jina ni lako?"

Mama mkwe akatikisa kichwa kukubali.

"Na mtoto nyumbani mnamwitaje?"

Nikamtajia. Mama, bimkubwa, mkwe, bibi, somo, na jingine la Kizigua ambalo mama yangu alimpa la kumdekezea. Kila nilipotaja moja mtoto aliinua kichwa, akaona hakuna anachotumwa, akakiinamisha tena. Niliona mwenyewe. Niliona mpaka nikaona haya.

"Sasa huyu atajuaje kwamba hili nalo ni lake?" daktari akauliza. "Jina haliingii kwa mtoto kwa kuandikwa kwenye kadi. Analipata kwa kuitwa, anageuka, anakuta mtu anamsubiri." Akasema maneno machache ya mtoto huyu hayamtishi, wapo wanaosubiri mpaka wawe na uhakika. Lakini barua hakunipa. Angeandika kwamba anasikia, sawa, lakini mtoto akikaa darasani haitiki, mwalimu atamrudisha vilevile. Tukae Korogwe, tumwite jina lake, tumrudishe kabla shule hazijafunguliwa amwite mwenyewe aone.

Mtu angedhani nilitoka pale nimefurahi. Nilitoka masikio yanawaka. Udata, uchawi, bweni, mama yangu kumwogesha mtoto kimya, vyote hivyo, na kumbe hatujawahi kumwita! Na hasira kubwa zaidi ilikuwa hii: sasa amwite nani? Baba yake hawezi. Shemeji hawezi. Mimi nimeweza kwa wazimu. Na mwenye jina atajiitaje mwenyewe, kama mtu anayezungumza peke yake njiani?

Tukarudi nyumbani kwa mama mkwe. Nilimtandikia mkeka, nikapiga magoti, nikaanza, "Mama, naomba unisamehe, nimekukosea adabu mbele ya watu."

"Nilidhani ni mama yangu," akasema.

Sikuelewa.

"Pale. Ulipoita. Nilidhani ni mama yangu ananiita, niache kuchezea maji." Alikuwa anatazama mlangoni. "Marehemu mume wangu aliniita mama wa wanawe. Wanangu wananiita mama. Wewe mama. Nje huko bibi. Tangu wazazi wangu wafe hilo jina sijalisikia kinywani mwa mtu." Akanigeukia. "Niite tena."

"Mama, siwezi."

"Umeweza kwa hasira ya daktari, utashindwa kwa amri yangu? Jina ni la nani? Ni langu. Nakuruhusu. Ita."

Nikaita, kwa sauti ndogo, macho chini. "Abee," akaitika, na akafumba macho.

Basi tukaanza kazi. Mimi naita kutoka uani, mama mkwe anaitika kutoka jikoni, mtoto yuko kati yetu anatazama. Jirani mmoja, mtani wa nyumba ile, akasimama kwenye uzio akashika kiuno: "Makubwa! Wazigua hamna dogo, mkwe mnamwita kama mbuzi aliyeingia shambani?" Mama mkwe akamjibu kwamba Msambaa akiitwa huitika, yeye na ukoo wake wakiitwa hujificha. Shemeji akaja na uso umekunjamana, akasema mambo haya yataleta laana. Mama yake akamwambia kama ana wasiwasi na laana, aanze na ile ya kutaka kumpeleka mjukuu wake bweni. Akaondoka bila kunywa chai. Mimi nilikuwa nimekazana na kuni, nacheka huku nasingizia moshi.

Lakini kicheko hakikudumu. Mtoto alijifunza, ndiyo, tena haraka. Nikiita lile jina alikwenda jikoni, akavuta kanga ya bibi yake, akamwambia, "Unaitwa." Tulikuwa tumemfundisha jina la bibi! Niliita kutoka msalani, akamwendea bibi. Niliita nikiwa nimemtazama yeye, machoni kabisa, akageuka kumtafuta bibi. Na kwa akili yake alikuwa na haki, aliyeitika siku zote ni nani? Nilikaa chini kwenye mavumbi nikasema nimechoka. Shule zilikuwa zinakaribia. Nilisema hivyo kwa Kizigua, bila kujua, mbele ya mama mkwe.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kizigua si mbali sana na Kishambaa, kama una nia ya kusikia. "Mpigie mama yako aje," akasema. "Aje amwogeshe mjukuu wake kwa maneno yake. Mimi nilisema mambo nisiyoyajua." Akaniachia hapo, akaenda zake kukalia kigoda jikoni. Sikuwahi kumsikia akisema kitu kama hicho, wala sijamsikia tena.

Kesho yake niliita kama kawaida, mchana, nikiwa uani na sufuria ya mboga motoni. Jikoni kimya. Nikaita tena. Kimya. Mtoto akaingia kumvuta bibi yake, nikasikia anamwambia, "Unaitwa."

"Nimesikia, somo," mama mkwe akamjibu. "Lakini leo miguu inauma. Jina si letu sote? Niitikie wewe."

Sikujua kama alielewa. Nilisubiri. Mboga ilikuwa inafurika, sikuigusa. Nikaita mara nyingine.

"Abee!"

Ilikuwa sauti ya mtoto, ila imetamkwa vilevile kama ya bibi yake, na mvuto ule wa Kishambaa mwishoni. Akatokea mlangoni mbio, ameshika upindo wa gauni kama mwenye kanga, akaja mpaka mbele yangu akasimama, anasubiri kusikia anaitiwa nini. Mimi nilikuwa nimeita kwa kujaribu tu, sikuwa na cha kumtuma.

Nikamwambia aniletee chumvi. Chumvi ilikuwa mkononi mwangu.